Muuaji wa Whitechapel, 1888: Saa na Siku za Mauaji Zinatuambia Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kusoma habari za Jack the Ripper, yaani huyo muuaji wa Whitechapel, London, ambaye hakutambuliwa kamwe, hukimbilia jina: alikuwa nani? Ukurasa huu unauliza jambo jingine: aliua lini, na kutokana na hilo tunaweza kusema nini bila kujidanganya. Saa zote zimeandikwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Saa 9 usiku ni pale mshale mfupi unaposimama kwenye tatu.

Kwanza nikumbusheni: nani aliuawa, na lini?

Wanaohesabiwa na wengi ni wanawake watano, wote mashariki ya London au mpakani mwake. Mary Ann Nichols alikutwa Buck's Row, Ijumaa tarehe 31 Agosti 1888, kama saa 9:40 usiku. Annie Chapman alikutwa ua wa nyuma wa nyumba namba 29 Hanbury Street, Jumamosi tarehe 8 Septemba, muda mfupi kabla ya saa 12 asubuhi. Jumapili tarehe 30 Septemba walikufa wawili: Elizabeth Stride alikutwa saa 7 usiku kwenye ua mmoja wa Berner Street, na Catherine Eddowes saa 7:45 kwenye Mitre Square. Wa mwisho ni Mary Jane Kelly, aliyekutwa chumbani kwake Miller's Court, Ijumaa tarehe 9 Novemba saa 4:45 asubuhi, na mtu aliyetumwa na mwenye nyumba kudai kodi.

Angalia neno hilo, "alikutwa". Saa tulizonazo kwa uhakika ni za kukutwa. Za kuuawa ni makisio, na nusu ya mabishano yote yanatoka hapo.

Ni kweli aliua mwisho wa wiki tu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Tarehe zinaangukia Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Ijumaa, kwa hiyo watu husema: huyu alikuwa na kazi ya kudumu, akawa anatoka siku za mapumziko.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Sisi tuna "usiku wa kuamkia". Nichols aliuawa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kelly vilevile, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Chapman ni Ijumaa kuamkia Jumamosi. Stride na Eddowes peke yao ndio waliouawa Jumamosi kuamkia Jumapili. Sasa jiulize kuhusu mfanyakazi wa London mwaka 1888: Ijumaa ni siku ya kazi nzima, na Jumamosi kwa wengi ilikuwa kazi mpaka mchana. Siku kamili ya kupumzika ilikuwa Jumapili. Maana yake, kati ya nyakati nne alizotoka kuua, ni mara moja tu ambapo kesho yake ilikuwa siku ya kulala. Mara tatu angetakiwa kuripoti kazini saa chache baadaye, kama kazi alikuwa nayo. (Kwa Wayahudi, waliokuwa wengi Whitechapel, mapumziko yalianza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo kwao hesabu inabadilika kidogo, lakini bado zile Alhamisi mbili hazifutiki.)

Ndiyo maana mimi simwoni "mtu wa kazi ya wiki nzima" katika tarehe hizi. Naona mambo matatu yanayowezekana kwa usawa: mtu asiye na bosi, mtu ambaye kazi yake ilianza kabla ya alfajiri, hivyo kuwa barabarani saa hizo lilikuwa jambo la kila siku, au kibarua wa bandarini, aliyesubiri kila asubuhi getini kuona kama ataitwa. Watu wa aina hizo tatu mashariki ya London walikuwa maelfu kwa maelfu.

Lakini siku nne zote kuangukia Ijumaa hadi Jumapili haiwezi kuwa bahati tu!

Inaweza. Chukua kalamu. Kama siku zingechaguliwa kama karata, uwezekano wa zote nne kuangukia siku hizo tatu ni 3/7 mara yenyewe mara nne, yaani kama 3 katika 100. Inatisha. Ila tumedanganya: tumeziona tarehe kwanza, ndipo tukachora duara kuzizunguka. Zingeangukia Jumatatu hadi Jumatano tungesema muuaji ni kinyozi au mhubiri. Ukiuliza swali la haki, yaani uwezekano wa siku nne kuangukia siku zozote tatu zinazofuatana, jibu linapanda hadi kama 19 katika 100. Karibu moja katika tano. Hakuna mwamuzi wa kumhukumu mtu kwa hilo.

Tena hesabu yenyewe inategemea umewahesabu nani. Martha Tabram alichomwa visu mara 39 katika George Yard usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 7 Agosti, baada ya Jumatatu ya sikukuu ya mabenki, yaani siku ya mapumziko ya umma. Wachunguzi wengine wanamweka kwenye orodha, wengine wanamtoa. Ukimweka, "mwisho wa wiki" inavunjika, na badala yake unapata watu wa "sikukuu". Orodha ya watano ilipata nguvu kutokana na waraka wa ndani wa polisi ulioandikwa na Melville Macnaghten mwaka 1894, miaka sita baadaye, na mtu ambaye mwaka 1888 hakuwa bado ameingia polisi.

Na ile nadharia ya meli za ng'ombe?

Ilikuwepo tangu siku zile. Meli zilizoleta mifugo kutoka bara la Ulaya zilikuwa zikitia nanga London kuelekea mwisho wa wiki na kuondoka baada ya siku chache. Malkia Victoria mwenyewe, baada ya kifo cha Kelly, alitaka kujua kama meli za ng'ombe na za abiria zimekaguliwa. Ni wazo zuri kwa sababu linaeleza siku na linaeleza kisu kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba mabaharia hutembea barabara kubwa wanazozijua, na muuaji huyu alipotea kwenye vichochoro kama mtu anayerudi kwao.

Aliua mwezi ukiwa mpevu?

Hapana. Mwezi mpya uliandama tarehe 6 Septemba. Usiku wa Nichols ulikuwa mwezi wa kukonda, siku sita kabla ya kuandama. Wa Chapman, mwezi wa siku mbili. Wa Stride na Eddowes, tena mwezi wa kukonda. Wa Kelly, mwezi mchanga uliokwisha kutua mapema. Hakuna hata usiku mmoja wa mbalamwezi. Kama kuna lolote la kusema, ni kwamba giza lilimfaa, na hilo lingemfaa hata mwizi wa kuku.

Kwa nini saa zile hasa, kati ya saa 7 usiku na alfajiri?

Watu hutarajia jibu kuhusu akili ya muuaji. Jibu la kweli ni bei ya kitanda.

Whitechapel na Spitalfields zilijaa nyumba za malazi ya bei chee. Kitanda cha mtu mmoja kilikuwa peni nne kwa usiku. Huna peni nne, unatolewa nje, hata kama umelala humo wiki nzima. Nichols alifukuzwa kwenye malazi ya Thrawl Street kwa kukosa pesa hiyo. Akaondoka akicheka, akijisifia kofia yake mpya, akisema ataipata pesa muda si mrefu. Saa 8:30 usiku rafiki yake Ellen Holland alimwona kwenye kona ya Osborn Street, amelewa, akisema pesa ya kitanda ameipata mara tatu siku ile na mara tatu ameinywa. Saa moja na dakika kumi baadaye alikuwa amekutwa maiti. Chapman naye alitolewa malazi ya Dorset Street kama saa 8 usiku, mgonjwa, akiomba kitanda chake asipewe mtu mwingine. Eddowes aliokotwa amelewa saa 2:30 usiku, akafungiwa kituo cha polisi cha Bishopsgate mpaka alevuke, akaachiwa saa 7 usiku. Dakika 45 baadaye ndipo alipokutwa.

Kwa hiyo saa za mauaji ni saa ambazo mwanamke maskini alikuwa hana ukuta wa kujiegemeza. Muuaji hakuzichagua saa hizo kwa unajimu wala kwa ratiba. Ndizo saa ambazo mtu wa kuuawa alipatikana peke yake, akiwa tayari kumfuata mwanamume gizani kwa ajili ya kitanda. Kelly peke yake alikuwa na chumba. Na ni kwake tu ambapo muuaji alipata muda wa kutosha, jambo ambalo miili ya wengine inaonyesha hakuwa nao.

Saa walizotaja mashahidi zinaaminika?

Hapa pana utamu, na kesi ya Chapman ndiyo darasa lenyewe.

Mwaka 1888 kibarua wa Whitechapel kwa kawaida hakuwa na saa mfukoni. Alijua muda kwa kengele ya kanisa, kwa saa ya kiwanda cha pombe, au kwa mtu aliyelipwa kupita akigonga madirisha kuwaamsha watu. Saa hizo hazikuwa zimelinganishwa. Dakika tano huku au kule ni jambo la kawaida.

Sasa sikiliza. John Richardson, ambaye mama yake aliishi namba 29 Hanbury Street, alisema kama saa 10:45 alfajiri aliketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma akikata ngozi iliyokuwa ikimuumiza kwenye buti lake. Mwili baadaye ulikutwa pembeni mwa ngazi hizo hizo. Yeye hakuona kitu. Jirani, Albert Cadosch, alisema alitoka uani kwake mara mbili baada ya saa 11:15, akasikia sauti ikisema "hapana" upande wa pili, kisha kitu kikaangukia uzio. Alipopita kanisa la Spitalfields saa ilikuwa 11:32. Na Elizabeth Long alisema alimwona Chapman na mwanamume mbele ya nyumba, akiwa na uhakika ni saa 11:30 kwa sababu saa ya kiwanda cha pombe ilikuwa imegonga.

Dakika za hawa wawili wa mwisho zinagongana: kama Cadosch alisikia kuanguka kabla ya 11:30, Long alimwonaje Chapman hai 11:30? Wengi husahihisha dakika chache na kuwapatanisha. Lakini daktari wa polisi, George Bagster Phillips, aliyefika saa 12:30, alisema mwanamke huyo amekuwa maiti kwa muda wa saa mbili au zaidi. Yaani saa 10:30 au kabla. Akiwa sahihi, Richardson aliketi karibu na maiti bila kuiona, Cadosch alisikia mambo mengine, na Long alimwona mtu mwingine.

Mchunguzi wa vifo, Wynne Baxter, aliwaamini mashahidi. Nami niko upande wake. Phillips alipima ubaridi kwa kugusa tu, asubuhi ilikuwa ya baridi, mwili ulikuwa umefunguliwa na kupoteza damu nyingi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hayo yanaweza kuharakisha kupoa. Hata leo, kwa kipimajoto, hakuna daktari makini atakayekupa muda wa kifo kwa dakika.

Uzito wa jambo hili kwa swali letu ni mkubwa. Kama ni 11:30, jua lilikuwa limekwisha chomoza, ilikuwa siku ya soko, na nyumba ile ilikuwa na watu 17. Muuaji wa gizani anageuka kuwa mtu anayeweza kutembea na mikono ya damu kweupe. Kama ni saa 10, ni usiku kama zile nyingine. Shahidi mmoja tu akibadilika, unapata muuaji mwingine kabisa.

Aliwezaje kumaliza kazi yake Mitre Square bila kukamatwa?

Konstebo Edward Watkins alipita Mitre Square saa 7:30 na hakuona kitu. Alirudi 7:44 au 7:45 akakuta mwili. Kwenye saa 7:35 wanaume watatu waliokuwa wakitoka klabu, mmoja wao Joseph Lawende, walimwona mwanamume na mwanamke kwenye mlango wa uchochoro unaoingia uwanjani hapo. Lawende alitambua nguo za mwanamke huyo kuwa za Eddowes. Zinabaki dakika tisa hivi kwa kuingia, kuua, kutoa figo na kizazi, na kuondoka. Daktari Frederick Gordon Brown alikadiria kwamba kazi hiyo ingehitaji walau dakika tano.

Wengine husema basi alijua ratiba ya doria. Huenda. Lakini askari wa zamani walitembea njia ileile kwa mwendo uleule, buti zikisikika mbali usiku wa manane. Huhitaji ratiba, unahitaji masikio. Buck's Row pia Konstebo John Neil alikuwa amepita kama nusu saa kabla.

Je, Stride aliuawa na mtu huyohuyo?

Muda unaruhusu, hauthibitishi. Louis Diemschutz aliingia uani na mkokoteni wake saa 7, farasi akashtuka, mwili bado damu ikitiririka. Stride alikatwa koo tu. Ama muuaji alikatizwa na mkokoteni ule, ama alikuwa mtu mwingine. Kutoka hapo hadi Mitre Square ni mwendo wa robo saa kwa mguu, na Lawende aliona alichoona dakika 35 baadaye.

Siku 8, siku 22, siku 40: kwa nini nafasi kati ya mauaji iliongezeka?

Watu hupenda kusema "alikuwa akipoa". Mimi naangalia Oktoba ilikuwaje. Barua iliyosainiwa Jack the Ripper ilitangazwa tarehe 1, jina likaenea; polisi walipita nyumba kwa nyumba katikati ya mwezi; kamati ya ulinzi ya George Lusk ilikuwa mitaani; Kamishna Charles Warren akajaribisha mbwa wa kunusa, Barnaby na Burgho, kwenye bustani za London. Mwezi kama huo hata mchinjaji hodari angekaa nyumbani. Na kifo kilichofuata kilitokea ndani ya chumba, mlango umefungwa.

Ratiba inawaondoa washukiwa gani?

Hapa ndipo tarehe hufanya kazi yake vizuri, kwa sababu kumwondoa mtu ni rahisi kuliko kumshika. Mjukuu wa Malkia, Prince Albert Victor, anayependwa na wapenda njama, alikuwa Yorkshire wakati wa Nichols na Scotland tarehe 30 Septemba. Thomas Neill Cream, aliyenyongwa 1892 kwa kuwatilia wanawake sumu, mwaka 1888 alikuwa gerezani Illinois, Marekani. Michael Ostrog, mmoja wa watatu kwenye waraka wa Macnaghten, alikuwa mikononi mwa sheria Ufaransa.

Montague Druitt, mwingine wa watatu hao, haondoki, ila anayumba: tarehe 8 Septemba saa 5:30 asubuhi alikuwa uwanjani Blackheath akicheza kriketi, saa sita baada ya Chapman. Inawezekana. Mimi ningekuwa nimechoka.

Charles Cross, aliyemkuta Nichols, ndiye mshukiwa aliyezaliwa na ratiba. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, anatoka nyumbani kama saa 9:30 usiku kwenda kazini saa 10, na njia yake inapita jirani na kadhaa ya mauaji. Jina lake rasmi lilikuwa Lechmere. Hoja hiyo inavutia mpaka ukumbuke kwamba Robert Paul, aliyefika nyuma yake Buck's Row, naye alikuwa akienda kazini saa ileile kwa njia ileile, na wengine wengi pamoja nao.

Kwa nini aliacha baada ya Novemba?

Hatuna hakika aliacha. Alice McKenzie aliuawa Julai 1889 na Frances Coles Februari 1891, na madaktari walibishana wakati uleule. Wanaomtaja Druitt wanafurahia kwamba maiti yake iliopolewa Thames tarehe 31 Desemba 1888. Wanaomtaja Aaron Kosminski, wa tatu kwenye waraka wa Macnaghten, wana kazi ngumu zaidi, kwani yeye aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili Februari 1891, zaidi ya miaka miwili ya kuelezwa. Kifo, jela, safari, ugonjwa: kalenda haitofautishi.

Kuna dakika zipi ambazo zingesaidia kweli kama tungezijua?

Zile za baada ya Mitre Square. Kipande cha aproni ya Eddowes, kimelowa damu, kilikutwa na Konstebo Alfred Long kwenye mlango wa jengo la Goulston Street saa 8:55 usiku. Ni mwendo usiozidi dakika kumi kutoka alipouawa, kuelekea Whitechapel. Long aliapa kwamba alipopita saa 8:20 hakikuwepo. Kama alikosea, muuaji alipita tu akakitupa akikimbia kwao. Kama alisema kweli, basi huku askari wa vikosi viwili wakimtafuta kila kona, mtu huyo alikuwa mahali fulani jirani kwa zaidi ya nusu saa, pengine ndani ya nyumba, pengine akinawa, kisha akatoka tena barabarani na kitambaa kile mkononi.